Mwaka Tuliopima Hewa ya Mkaa

Tulipotoka kumzika Daktari Nakimuli tulirudi nyumbani kwake Ntinda, mtaa wa Kampala, kula, na binti yake akanishika mkono akanipeleka uani kunionyesha kile chumba nilichofanyia kazi na mama yake. Alijua ningependa kukiona. Kilikuwa kimejaa magodoro, viti vya plastiki na friji mbovu, na pale ilipokuwa meza yetu palikuwa na baiskeli ya mjukuu. Nilisimama mlangoni na sahani yangu ya matoke na mchuzi wa karanga, na machozi yakanitoka. Binti alidhani namlilia mama yake. Nilikuwa namlilia, ndiyo, lakini zaidi nilikuwa nimeshikwa na mshangao, uleule ulionishika humo ndani nikiwa na miaka ishirini na mitatu, ambao hata watoto wangu sijawahi kuwaeleza wakanielewa. Ndani ya chumba hiki kisichotosha hata kuegesha pikapu nilijifunza kwamba kuna umeme mdogo kiasi kwamba alama ya kidole inaweza kuufuta, na kwamba umeme huohuo unaweza kukuambia kama mtu aliyelala ataamka.

Mwaka ule nilikuwa natengeneza redio na simu katika kibanda cha ghorofa ya pili, kwenye jengo moja la maduka karibu na Nakivubo. Kelele za makondakta wa teksi, yale mabasi yetu madogo, zilipanda ngazi mpaka kwetu pamoja na harufu ya chapati na mayai, na mimi nilikuwa nimeinama mchana kutwa juu ya pasi ya kulehemu. Siku aliyokuja Daktari nilikuwa naongea Kiswahili na mteja kutoka Kongo. Alisimama pembeni akisikiliza, mwanamke mrefu mwenye gauni la kahawia na miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa amefundisha kemia chuoni miaka mingi kabla ya kustaafu, lakini alikulia kambi ya polisi, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kisicho na mapambo. Hakuniuliza nimesoma wapi. Aliniomba nilehemu mbele yake waya mbili nyembamba kama nywele, akaitazama mikono yangu badala ya kutazama waya, halafu akasema, "Mimi natafuta mtu yenye mkono yake haitetemeki. Kuja kwangu Ntinda Jumamosi, nakuonyesha kitu."

Kitu chenyewe kilikuwa kidubwana cheupe cha plastiki, kikubwa kidogo kuliko kifuniko cha soda, chenye miguu mitatu ya chuma. Rafiki yake aliyesoma naye, ambaye alikuwa anaishi Ulaya, alimtumia viwili. Alikiweka kiganjani mwangu kama mtu anayekuwekea yai. Ni kihisi, akaniambia, pua inayonusa ile hewa inayotoka kwenye mkaa na haina harufu kwa pua zetu. Ndani mna tindikali kidogo na tabaka nyembamba za platini. Hewa hiyo inaingia kwa tundu dogo la juu, inaungua juu ya platini pasipo moto wala joto la kuhisika, na kila chembe inayoungua inaachia elektroni mbili. Elektroni hizo zinatoka kwa mguu mmoja, nazo ndizo umeme wetu. Aliyasema haya akiwa anamenya mhogo, na mimi nilikaa na kile kidude mkononi nikiogopa kupumua. Nilikuwa nimezoea umeme unaorusha cheche. Sikuwa nimewahi kufikiria kwamba mtu anaweza kukaa Ntinda, nyuma ya nyumba yenye kuku, akahesabu chembe za hewa.

Sababu ya kazi niliijua mchana uleule. Tukiwa tunakula posho, yaani ugali, na maharage barazani, aliingia mama mmoja mnene mwenye sauti ya chini, akavua viatu vyenye tope, akaketi bila kukaribishwa, jinsi anavyoketi mtu wa nyumbani. Huyo alikuwa Sista Akello, mkunga aliyekuwa na kliniki ndogo ya uzazi Kyebando. Kiswahili chake alikipata kwa marehemu mume wake aliyekuwa mwanajeshi, kwa hiyo wote watatu tuliongea lugha moja, kila mtu kwa namna yake. Mimi nilitoa vyombo, na nilipokuwa naosha sahani kwenye bomba nilimsikia akimsimulia Daktari tena jambo ambalo bila shaka alikwisha kumsimulia. Katika mvua za mwaka uliotangulia umeme ulikatika, naye akawasha sigiri, lile jiko la mkaa, katika chumba cha watoto waliozaliwa kabla ya wakati, akafunga madirisha. Alikumbuka akimsugua mtoto mmoja miguu. Kilichofuata akilini mwake ni uso wa mfagiaji na mawingu nyuma yake, kwa maana alikuwa amelazwa chali uani. Walitolewa wote. Mtoto mmoja hakuamka.

Nilifunga bomba nisikie vizuri. Sista aliendelea kukata parachichi vipande vidogo ambavyo hakuna aliyevila. "Watu wananiambia wacha moto," alisema. "Lakini mtoto amezaliwa kidogo namna hii, mama yake mgonjwa hawezi kubeba yeye kifuani, umeme hakuna. Bila moto anakufa. Na moto pia anakufa. Mimi nataka kitu ya kuniambia: sasa toa." Kisha akaniona nimesimama na sahani, akaniuliza kama mimi ndiye fundi. Nilimwambia ndiyo, ingawa sikuwa na hakika.

Vihisi tulikuwa navyo. Kilichokosekana ni sikio la kuvisikiliza. Chukua umeme unaowasha balbu ya tochi, uugawe vipande milioni. Kipande kimoja ndicho kingetoka kwenye kihisi wakati hewa ya chumba imefikia kiasi cha kumwangusha mtu. Kipande hicho lazima kipitie kwenye amplifaya, chipu ya kukikuza mpaka kiweze kuendesha tarakimu na king'ora. Kwangu amplifaya ilikuwa kitu cha kununua bila kufikiri. Katika redio na chaja zote za Nakivubo kulikuwa na chipu moja ya miguu minane ambayo kila duka linayo, inayovumilia joto, vumbi na mafundi wabaya. Nililehemu hiyo. Asubuhi tarakimu zilisema hewa ya Ntinda ni safi. Jua lilipopanda na mabati kuanza kulia juu ya vichwa vyetu, tarakimu zilipanda nazo, na kufika saa sita mashine yetu ilikuwa inatuambia tumekwisha kuzirai. Dirisha lilikuwa wazi, Daktari alikuwa anakunywa chai.

Tulitoa kihisi, tukaacha chipu peke yake, na tarakimu ziliendelea kupanda. Ndipo tukaelewa. Kila chipu ya namna ile huvuta umeme kidogo kwa mlango wake wa kuingilia ili iweze kufanya kazi. Katika redio hakuna anayejali. Lakini yetu ilikuwa inavuta mlangoni karibu nusu ya umeme wote tuliotaka kuupima, na kiasi hicho kilibadilika na jua. Daktari alivua miwani akaifuta kwa pindo la gauni. "Hii chipu nakunywa maji yenye tunataka kupima," alisema.

Tangu hapo kazi yetu ikawa kusoma. Kwenye duka la intaneti la Ntinda nilichapisha kurasa za viwanda zinazoeleza tabia za chipu, nikazipeleka kwa Daktari, na tulizisoma mezani yeye upande mmoja na mimi upande wa pili, kati yetu birika la chai ya tangawizi na sahani ya gurusa nilizopika nyumbani, zile chapati zetu laini nyembamba ambazo yeye alizikunja kama karatasi na kuzichovya kwenye chai. Leo vijana wa karakana yangu wakitaka chipu wanagusa simu, wanaweka masharti yao, na kabla sijamaliza kuwasalimia wameagiza; tena siku hizi zipo chipu zilizotengenezwa kwa ajili ya vihisi kama hivi tu, kila kitu kimo ndani. Sisemi vibaya juu yao. Ila nawaonea huruma kidogo, kwa sababu hawakupata kukaa miezi mezani na mtu mwenye akili kubwa wakibishana juu ya kitu ambacho hakuna kati yao aliyewahi kukiona wala atakayekiona kwa macho.

Zilibaki chipu mbili, na rafiki wa Ulaya akatutumia zote mbili katika kifurushi kimoja. Ya Daktari ilikuwa malkia. Umeme iliouvuta mlangoni ulikuwa mdogo hivi kwamba kiwanda chenyewe kilikiri ni shida kuupima, na Daktari alipolifikia jambo hilo kwenye karatasi alinisomea kwa sauti jinsi watu wengine wanavyosoma aya. Yangu ilikuwa ya kawaida zaidi. Mlangoni ilivuta mara mamia kuliko ya kwake, ingawa bado ilikuwa kidogo sana mbele ya tulichokitafuta. Lakini yangu ilifanya kazi kwa betri za tochi na ingekaa miezi bila kuzimaliza, wakati malkia alitaka betri kubwa na kuzila kwa siku chache. Sigiri ya Sista huwaka umeme ukikatika. Mashine isiyo na chakula chake yenyewe ingekuwa imelala saa ileile inayohitajika.

Kulikuwa na jambo la pili, na hilo ndilo tulilobishania zaidi. Chipu ya namna hii ina milango miwili, na kazi yake ni kuifanya milango hiyo iwe sawa kabisa kwa volti. Hakuna chipu inayoweza kabisa. Siku zote inabaki tofauti ndogo. Katika malkia tofauti hiyo ilikuwa kubwa kidogo, na ilihama na joto. Katika yangu ilikuwa karibu haipo. Mimi nilisema tofauti hiyo itaenda kukaa kwenye miguu ya kihisi na kukisumbua, kwa kuwa Daktari mwenyewe ndiye aliyenifundisha kwamba kile kidude ni kama mgonjwa anayetaka kitanda kisichotikiswa. Ukikisukuma hata kidogo kinatoa umeme wa uongo, na kinachukua saa nyingi kutulia. Yeye alisema huwezi kupima kidogo kwa kitu kinachokula, hata kikila tonge moja. Tulibishana wiki nzima, kisha wiki nyingine. Alinipigia simu kibandani kunieleza hoja aliyoipata akiwa anaoga. Sikuwa nimewahi kubishana na mtu mzima hivyo, tena mtu wa chuo, na jambo lililonishangaza ni kwamba hakuniuliza hata mara moja mimi ni nani wa kubishana naye.

Tulikubaliana chipu zenyewe ziseme. Nilitengeneza bodi mbili za kufanana, kila moja na chipu yake na kihisi chake, tukaziweka sambamba ndani ya sanduku la bati lililokuwa la biskuti. Siku ya kwanza ilinyesha, na zote mbili zilisema upuuzi, yangu na yake, tarakimu zikicheza kama watu waliolewa. Nilikata tamaa. Nilirudia kulehemu, nikabadilisha waya, nikazishika bodi kuzikagua, na kila nilipozishika zilizidi kuharibika. Daktari alinitazama kwa muda mrefu, kisha akaniomba nimpe mikono yangu. Aliigeuza viganja juu akanusa vidole. "Chumvi," alisema. Jasho la vidole vyangu lilikuwa limebaki juu ya bodi pamoja na mabaki ya dawa ya kulehemu, na unyevu wa mvua uliyageuza kuwa njia. Ilikuwa njia isiyoonekana ambayo redio isingeijua maisha yake yote, lakini kwa umeme wetu ilikuwa barabara kuu. Aliziosha bodi kwa spiriti na mswaki mpya, taratibu, kama anayemwogesha mtoto mchanga, akazikausha juani chini ya chandarua. Mimi niliinua ule mguu wa chipu unaopokea umeme nikauacha hewani, usiguse bodi mahali popote, nikaulehemu na waya wa kihisi hapohapo hewani. Hewa, alisema Daktari, ndiyo kitu pekee nyumbani kwake kilichokuwa safi vya kutosha.

Tukaziacha siku kadhaa. Jumapili alitoka kanisani moja kwa moja akaja chumbani na viatu vyake vya kanisani, akanikuta nimekwisha kufika. Tarakimu za malkia zilikuwa zimetembea na jua, juu mchana, chini usiku, kama ukurasa wa joto la mgonjwa wa malaria. Zangu zilikuwa zimelala. Joto lilikuja likaenda juu ya mabati na zenyewe hazikuamka. Daktari aliketi akaziangalia muda mrefu, mkoba wake bado begani, na nilianza kuhofu kwamba nimemuudhi. Hatimaye aliongea, na sauti yake ilikuwa ya furaha kabisa. "Mimi nilipenda nambari," alisema. "Wewe ulipenda kihisi." Kisha akaenda kutuletea chakula, akakataa kusaidiwa kubeba.

Nilichokuja kukiona juma lililofuata kimebaki nami kuliko vyote. Tulikuwa tunataka kujua kama mashine inaweza kusikia kidogo sana, na Daktari akapendekeza tupime pumzi. Unashika pumzi kidogo, unapulizia ndani ya mfuko wa plastiki, unaufunga mpaka upoe, halafu unamwaga polepole hewa yake juu ya kihisi. Alianza yeye. Tarakimu zilipanda, zikaendelea kupanda, zikasimama mahali ambapo hazikupaswa kusimama kwa mama wa kanisa. Nilidhani mashine imeharibika. Yeye aliangalia tarakimu, akaniangalia mimi, akaangalia mlango, na ndipo nikaelewa kwa nini baada ya kila mlo alikwenda kutazama kuku, na kurudi akinyonya pipi ya mnanaa. "Basi, umenijua," alisema. "Sista hapana ambia." Tulicheka mpaka miwani yake ikaanguka.

Kisha ilikuwa zamu yangu, mimi ambaye sijavuta sigara maishani. Nilipulizia mfuko, tukangoja, tukaumwaga. Nilitarajia sifuri. Tarakimu ya mwisho ilitikisika, ikapanda kidogo, kidogo tu, ikakaa. Tulirudia. Ikapanda tena vilevile. Nilimwambia Daktari kwamba labda ni moshi wa majirani. Akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba chembe za damu hazikai milele. Zinazeeka, mwili unazivunja ili utengeneze mpya, na katika kuzivunja hutoka ile hewa ileile ya mkaa, kidogo mno, tunaitoa kwa pumzi bila kujua. Kila aliye hai anaitoa. Nilikaa juu ya kiti nikitazama tarakimu ile. Nje mtu alikuwa anauza mahindi ya kuchoma na magari yalikuwa yamekwama barabarani yakipiga honi, mambo ya Ntinda ya kila siku, na ndani ya sanduku la biskuti kulikuwa na habari ya damu yangu inayozeeka na kuzaliwa upya. Niliona aibu kwamba nilikuwa nimeishi mle mwilini muda wote bila kujua. Nilisema Subhana Llah, kimoyomoyo kwanza, kisha kwa sauti. Daktari aliinamisha kichwa akasema Amina ya kwao.

Mashine tuliifunga kliniki ya Sista kabla ya mvua za pili, kwenye ukuta wa chumba cha watoto, usawa wa vitanda, na tarakimu nyekundu na king'ora kilichotoka kwenye saa ya kuamshia. Kihisi cha pili tulikibakiza Ntinda kama akiba. Kisha ukaja ukimya, na ukimya huo ulinisumbua kuliko kelele. Tarakimu zilisema sifuri leo, sifuri kesho. Sikuweza kujua kama mashine iko macho au imekufa ikiwa imefumbua macho. Kwa hiyo kila juma nilipanda Kyebando na kopo la maziwa lenye kaa moja la moto, nikaliweka chini ya kihisi mpaka king'ora kikalia, akina mama wakaziba masikio na watoto wakalia, na Sista akaniuliza kama nimeridhika. Niliridhika kwa siku moja, mbili, halafu wasiwasi ukaanza upya.

Ilikuwa safari kama hiyo, alasiri, mvua iliponikamata kabla sijafika mlangoni. Ilikuwa ile mvua ya Kampala inayokuja kwa ubavu na kuingia hata mahali penye paa. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Sista alinipokea na kanga ya kujifuta, akanipa chai katika chumba cha nje, akarudi kumfulia nguo mgonjwa wake. Katika chumba cha watoto kulikuwa na mama mmoja kijana, jina lake Nakato, aliyejifungua mapacha kabla ya wakati siku mbili zilizopita, akiwa na homa bado. Sigiri ilikuwa imewashwa uani mpaka ikaiva, kama Sista alivyojifunza, ndipo ikaingizwa ndani. Dirisha liliachwa wazi upana wa mkono. Lakini mvua ilipiga upande huo na mtu akalifunga, labda Nakato mwenyewe, kuwaokoa wanawe na maji.

Niliingia na kikombe changu nisalimie. Nakato alikuwa amelala, uso wake una rangi nzuri, hata nikafikiri homa imeshuka. Watoto walikuwa wamelala katika kitanda kimoja, wamefungwa pamoja kama vitumbua viwili katika kitambaa. Palikuwa na joto zuri, hapakuwa na moshi, na mkaa ulikuwa mwekundu, wa kupendeza. Macho yangu, pua yangu na ngozi yangu, vyote viliniambia kwamba chumba kile ni mahali pema pa kukaa. Ndipo nikatazama ukutani, na tarakimu zilikuwa zinapanda. Hazikurukaruka. Zilipanda moja moja, kwa utulivu uleule tulioupigania mezani na Daktari. Najua ilikuwa muda mfupi sana, lakini nakumbuka nimesimama na kikombe, nikiwa natazama kitu ambacho hakipo kwa hisia zozote za binadamu kikiandikwa mbele yangu kwa nyekundu, na nywele za mikono yangu zikasimama. Kisha king'ora kikalia.

Sista alikuja na sabuni mpaka kwenye viwiko, akanipa mtoto mmoja, akachukua wa pili, akafungua mlango kwa kiatu. Tuliwapeleka barazani, tukawakabidhi kwa mama mmoja aliyekuwa anangoja kupimwa, tukarudi kwa Nakato. Tulimwita hakujibu. Sista alimpiga mashavu, na kichwa kikayumba tu. Tulikivuta kitanda chote pamoja naye, kikakwama mlangoni, tukakiinua, sijui kwa nguvu za nani, mpaka barazani ambako mvua ilikuwa inaturushia matone. Nilitaka kumfunika. Sista alinizuia, akamkalisha, akamshikilia mgongoni uso wake uelekee kwenye upepo, akawa anasema naye kwa Kiganda, polepole, akilitaja jina lake tena na tena. Rangi ile nzuri ilikuwa bado usoni mwake. Daktari alikuwa amenieleza zamani kwamba ile hewa huifanya damu iwe nyekundu zaidi kwa kuwa inaishikilia na haiiachii, na sikuwahi kuyaamini maneno hayo kwa moyo mpaka nilipoyaona.

Nilimpigia Daktari simu, sijui nilisema nini. Alifika na bodaboda, amelowa mpaka miwani, na alipotukuta bado tumesimama vilevile alipiga magoti kwenye saruji, akashika mkono wa Nakato kuhesabu mapigo. Watoto walikuwa wameanza kulia, wote wawili, vilio vyembamba vya watu ambao bado hawajazoea kuwa na mapafu, na nadhani ni vilio hivyo vilivyomfikia Nakato, siyo sisi. Nakato alikohoa. Akatapika kando ya kitanda, kwenye gauni la Daktari. Akafumbua macho, akatutazama mmoja mmoja kama wezi aliowakuta nyumbani kwake, akaona mvua, akaona kitanda chake kiko nje, akaona wanawe mikononi mwa mwanamke asiyemjua.

"Nani ametoa watoto wangu nje kwenye baridi?" aliuliza. Sauti ilikuwa ya kukwaruza lakini hasira ilikuwa nzima. Alituambia sisi siyo wakunga, ni wauaji. Alisema ataenda kuwaambia watu wote wa Kyebando wasije hapa. Alinyoosha mikono akawataka, na walipoletwa aliwabana kifuani, akavuta kanga ya Sista kuwafunika, na aliendelea kutugombeza huku akiwahesabu vidole. Sista alifungua mdomo ili amweleze, Daktari akamgusa bega. Mvua iliendelea. Ndani, kupitia mlango ulioachwa wazi, niliziona tarakimu zikishuka. Tulibaki pale barazani watu watatu wazima, tumelowa, tukigombezwa, na hakuna aliyejitetea.